Kilomita 104 kabla ya Utepe: Pogačar Alivyoichagua Saa Yake Kigali

Tarehe 28 Septemba 2025, zikiwa zimebaki kilomita 104 kufika mwisho wa mbio za wanaume za mashindano ya dunia ya baiskeli, Tadej Pogačar alikaza pedali kwenye Mlima Kigali na kundi likakatika nyuma yake. Niliotazama nao mbio zile walishika vichwa. Mtu anajitoaje kwenye kundi wakati bado ana karibu saa mbili na nusu za kazi mbele yake? Nimeirudia picha ile mara nyingi tangu siku hiyo, na kila nikiirudia naona hakukurupuka. Pale ndipo mahali pekee katika njia nzima ambapo shambulio la aina ile lingeweza kulipa.

Tuiangalie njia yenyewe. Mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani hayakuwahi kufanyika Afrika kabla ya Kigali, na waandaaji waliitumia milima ya Rwanda bila huruma. Mbio za wanaume zilikuwa kilomita 267.5. Ukijumlisha kila mwinuko waliopanda unapata mita 5,475, yaani pungufu kidogo tu ya kimo cha Kilimanjaro. Lakini hakukuwa na mlima mmoja mkubwa wa kumalizana nao. Mzunguko wa mjini ulikuwa na kilomita 15.1 na vilima viwili: kile cha uwanja wa gofu, mita 800 zenye mwinuko wa wastani wa asilimia 8.1, na Kimihurura, kilomita 1.3 za mawe yaliyopangwa, asilimia 6.3. Waliuzunguka mara 9, wakatoka kwenda kitanzi kirefu cha nje ya mzunguko huo, kisha wakarudi kuuzunguka mara 6 tena.

Katika kitanzi kile cha nje ndipo ulipo Mlima Kigali: kilomita 5.9 zenye mwinuko wa wastani wa asilimia 6.9. Baada yake unakuja ukuta mfupi ambao wafuatiliaji wa mbio za Tour du Rwanda wanaujua vizuri, Kwa Mutwe, mita 400 za mawe zenye asilimia 11. Vilima vya mzunguko wa mjini unavimaliza kwa dakika chache, na mpandaji hodari anaweza kuuma meno akavumilia mpaka kileleni. Mlima Kigali haukubali kuumiwa meno. Dakika zinapozidi kumi, kila mtu anabaki na mapafu na miguu aliyojaliwa.

Aliyewahi kupandisha mkungu wa ndizi kwa baiskeli anaijua hesabu inayofuata hata kama hajawahi kuiandika. Kwenye tambarare adui ni upepo. Kwenye kilima adui ni uzito. Chukua mtu na baiskeli yake, jumla kilo 75. Akienda kilomita 45 kwa saa barabara ikiwa tambarare, atahitaji takriban wati 300 kupasua hewa peke yake, na akijificha mgongoni kwa mwenzake anaokoa theluthi ya nguvu hiyo au zaidi. Mtu huyohuyo akipanda Kimihurura kwa kilomita 20 kwa saa, upepo unamdai wati 30 hivi tu. Uzito wake ndio unaomdai wati 250 na ushei. Mgongo wa mwenzake haumsaidii kitu cha maana, kwa kuwa hakuna anayeweza kukubebea kilo zako.

Hapo ndipo siri ya kuondoka mapema ilipokuwa. Timu inamlinda kiongozi wake mahali penye upepo. Kwenye njia ambayo kila baada ya dakika chache inainuka tena, ulinzi huo unapungua thamani, na wale wa kuutoa wanaisha raundi kwa raundi. Pogačar aliposhambulia, waliokuwa nyuma yake walikuwa wamekwisha kupanda vilima vile mara 9. Kundi la kumfukuza lilibaki na viongozi wengi na wasaidizi wachache. Na viongozi wakibaki wenyewe kwa wenyewe, kila mmoja huogopa kuvuta asije akamnufaisha jirani.

Kuna jambo jingine ambalo nusu yake sikuiona ikizungumzwa sana, nalo ni kimo cha jiji lenyewe. Kigali iko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Kanieneo ya hewa pale ni pungufu kwa kama asilimia 15 ukilinganisha na pwani, kwa hiyo kila pumzi inaleta oksijeni kidogo. Hilo lilisemwa sana, na ni kweli. Lakini hewa nyepesi ni nyepesi pia kuipasua. Mtu aliye peke yake kwenye mteremko au kipande cha tambarare analipa ushuru mdogo wa upepo kuliko angelipa Dar es Salaam au Mombasa. Kwa kundi zima hewa ile ilikuwa mzigo, ila kwa mtu mmoja aliyejitenga ilikuwa na fidia yake.

Hata hivyo hakwenda peke yake tangu mwanzo, na hilo naliona ni la busara kubwa. Walioweza kumfuata pale mlimani walikuwa Juan Ayuso wa Hispania na Isaac del Toro wa Mexico, ambao mwaka ule walikuwa naye katika timu moja ya UAE. Siku ile kila mmoja alikuwa na jezi ya nchi yake, ila walimfahamu na aliwafahamu. Ayuso aliachwa upesi. Del Toro alidumu, wakapokezana kuvuta wakati ambapo kupokezana kulikuwa na faida, yaani kwenye vipande vya kasi. Zilipobaki kilomita 66 naye akaachia. Kwa hiyo kazi ya upweke ilikuwa kilomita 66, si 104, na kwa mtu ambaye Zurich mwaka 2024 alikuwa amekaa peke yake kilomita 51 na kushinda, hiyo haikuwa hesabu ya kubahatisha.

Aliyekuwa na miguu ya kumzuia ni Remco Evenepoel. Juma moja kabla, katika mbio dhidi ya saa, Mbelgiji huyo alimpita Pogačar barabarani ingawa Pogačar alikuwa ametangulizwa kuondoka dakika mbili na nusu. Basi kwa nini hakumfuata? Baiskeli yake iligonga shimo na kiti kikashuka. Akabadilisha baiskeli, ile ya pili haikumkaa, akabadilisha tena. Wasioendesha watadhani kiti ni starehe tu. Kikishuka kidogo, goti linakunjika kupita kiasi, paja linafanya kazi katika pembe lisiyoizoea, mgongo wa chini unaanza kuuma, na nguvu unayoiweka kwenye pedali inapotea njiani. Nililijua hilo kwenye barabara ya Mombo kwenda Lushoto, siku ambayo skrubu ya kiti changu ililegea kabla ya Soni. Nilipanda kilomita chache tu nikiwa nimekaa chini ya kimo changu, na kwa siku mbili sikushuka ngazi vizuri. Evenepoel alikuwa bado na zaidi ya kilomita 100. Kwamba alirudi akawapita wote waliokuwa mbele yake isipokuwa mmoja, kwangu ndiyo kazi kubwa ya pili ya siku ile.

Siku moja kabla ya mbio za wanaume, mzunguko huohuo wa mjini ulikuwa umetoa jibu tofauti kabisa. Katika mbio za wanawake za kilomita 164.6, waliopewa nafasi kubwa walitazamana mpaka kundi dogo likaponyoka, na Magdeleine Vallieres wa Kanada akashinda mbele ya Niamh Fisher-Black na Mavi García. Hawakuwa na Mlima Kigali katika njia yao. Bila mlima mrefu wa kuwachambua, vilima vifupi viliwaacha wakubwa wakiwa pamoja, na wakubwa wakiwa pamoja hawafukuzi. Pogačar alikuwa na mlima ule, na aliutumia kabla haujapita.

Mtazame sasa kwenye mawe ya Kimihurura katika mizunguko ya mwisho. Amekaa. Ukisimama kwenye pedali juu ya mawe, uzito unahamia mbele, gurudumu la nyuma linarukaruka na pedali zinazunguka bila kukamata. Ukikaa, tairi linashika. Mikono imelegea juu ya usukani ili jiwe likipiga lisimtikise bega, na gia ameshusha kabla ya mwinuko kuanza, mnyororo ukiwa bado haujabeba mzigo. Anayesubiri mpaka miguu igome ndipo ashushe gia husikia mnyororo ukilalamika, na pale hupoteza mita ambazo hazirudi. Anafanya hivyo raundi baada ya raundi, bila kubadilisha chochote, huku watu wakipiga kelele kando ya barabara kiasi kwamba uzio wa chuma unaowazuia unatetemeka.

Alivuka utepe mbele ya Kigali Convention Centre. Evenepoel alifika baada ya dakika 1 na sekunde 28, Ben Healy wa Ireland baada ya dakika 2 na sekunde 16. Waliomaliza mbio walikuwa 30 tu.