Kofi la ukosini

Kofi lile lilikuwa kosa. Video mmeshaiona, na bado wapo wanaomtetea kijana kwamba alishtuka. Hakushtuka. Itazameni tena: mdudu anatembea ukosini, shemeji yake anamwonyesha, kijana anainamisha kichwa, anauliza, "Ni nini hiki?", na kabla hajajibiwa kiganja kimeshashuka. Kisha anasugua! Kusugua ndiko kulikonikera. Umeuliza swali, na jibu umelisaga mwenyewe.

Na jibu lilionekana hata kwa taa ile hafifu: kichwa cheusi, kifua cha rangi ya chungwa, buluu inayong'aa mgongoni, tumbo la chungwa, ncha nyeusi, urefu usiozidi sentimita moja. Nzi wa Nairobi, ambaye (niseme mara ngapi?) si nzi. Ni mbawakawa. Ile buluu ni mabawa yake magumu, mafupi kama kizibao, na ya kurukia yamekunjwa chini yake. Aliyempa jina hilo ametuponza: watu wanatafuta nzi, huyu wanamdhania sisimizi.

Haumi, hachomi. Sumu yake, pederini, imo katika maji ya mwili wake, na haikufiki mpaka umponde. Kumpuliza kungetosha. Au umwekee karatasi mbele, apande mwenyewe, umtazame kwa nafasi. Yale malengelenge ya kesho yake, mstari mwekundu kama wa fimbo, kijana alijichapa mwenyewe. Bahati yake hakufikicha jicho kwa mkono ule.

Shemeji alileta maji na sabuni, akazima taa ya barazani iliyokuwa ikiwaita wadudu hawa. Safi.

Mtaniambia siku hizi simu inamtambua mdudu kwa picha. Picha ya uji? Sisi tuliokuwa Nairobi mwaka 1998, baada ya mvua za El Niño, hatukuwa na simu hizo. Tulikuwa na shingo zilizoungua, na ndani ya wiki mtaa mzima ulijua kupuliza. Mwalimu wangu wa biolojia alitembea na kiberiti kitupu mfukoni kwa ajili ya wageni wa namna hii. Na Profesa Thomas Odhiambo, aliyeanzisha ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu, mwaka 1970, aliwapa wadudu sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi. Huyu wetu amenyimwa hata sekunde tano.

Mwisho wa video kijana ananyoosha kiganja kwenye kamera, doa la chungwa katikati, anauliza tena: "Jamani, ni nini hiki?"