Kambi ya Makalia: Safari Iliyopangwa Kuanzia Jioni

Wengi wanaotaka kulala hemani ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Nakuru huanza na bei na idadi ya watu. Kundi letu lilianza na saa kumi na mbili jioni. Baada ya hapo magari hayaruhusiwi kuzunguka hifadhini, kwa hiyo tulihesabu kurudi nyuma: saa kumi na moja hema ziwe zimesimama, saa nane tuwe langoni, na Nairobi, umbali wa kama kilomita 160, tuiage asubuhi kabla malori hayajajaa barabarani.

Kwenye ramani muda huo unaonekana mwingi mno, maana hifadhi imepakana na jiji la Nakuru lenyewe. Ila ramani nyingi zimepitwa na wakati. Tangu mwaka 2010 hivi ziwa limekuwa likipanda, likameza vipande vya barabara za ufukweni, hata lango kuu likabidi lihamishwe. Kambi ya Makalia nayo iko kusini kabisa, karibu na maporomoko ya mto wa jina hilo. Ukitokea mjini, ni lazima ulizunguke ziwa hadi upande wa pili. Ndiyo maana kabla ya kulipa kwenye eCitizen, mfumo wa malipo wa serikali mtandaoni, tuliwapigia askari wa shirika la wanyamapori la Kenya (KWS) kuuliza ni njia ipi inayopitika. Kwangu mimi, hakuna hatua iliyofanywa vizuri kuliko simu hiyo. Anayejua atachelewa na achague kambi ya Backpackers, jirani na lango kuu, ajiondolee mashaka.

Maji tulibeba yote. Ziwa lina magadi, halinyweki.

Kazi kubwa ilikuwa kuchagua pa kusimamisha hema. Uzio wa umeme unaizunguka hifadhi nzima, lakini kambi yenyewe iko wazi, hivyo nyati na simba mko nao upande mmoja. Tuliisoma ardhi kwanza: alama za kwato, kinyesi kibichi, nyasi zilizolala kuelekea mtoni. Penye dalili hizo tatu ni njia ya wanyama kwenda kunywa, na hatukuiziba. Hema zilikaa pembeni, milango ikitazamana na gari.

Halafu kuna nyani. Anaijua zipu, huivuta kwa vidole, akishindwa anachana kitambaa. Chakula chote, hata dawa ya meno, kilifungiwa ndani ya gari, na sufuria zilioshwa mchana. Blanketi nzito hazikuwa anasa: hapo ni zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya alfajiri huingia mpaka mifupani.

Asubuhi hatukutoka wote kwenda kutazama vifaru. Wawili walibaki kulinda hema, na saa tatu zamu zikabadilishwa.