Karabini ya M1: Kitako cha Kukunja na Taa Isiyoonekana

Jeshi la Marekani lilipoipitisha karabini ya M1 mwezi Oktoba 1941, lilikuwa likiwafikiria watu ambao kupiga risasi si kazi yao ya kwanza: madereva, wahudumu wa mizinga, maofisa. Ilikuwa na uzito wa kilo 2.4 hivi na urefu wa sentimita 90. Kabla Vita vya Pili vya Dunia havijaisha, ilikuwa imebebeshwa vitu viwili ambavyo haikuundiwa: kitako cha kukunja, na taa ya kulengea gizani. Cha kwanza kilikaa kama kilichozaliwa nayo. Cha pili kilimtesa aliyekibeba.

Tuanze na kitako. Askari wa miamvuli anapopita kwenye mlango wa ndege akiwa amefungwa kamba na mizigo, hata sentimita 90 ni nyingi. Kilichorahisisha ufumbuzi ni mtambo wenyewe. Gesi inayotoka mtutuni husukuma pistoni fupi, pistoni husukuma slaidi, na springi ya kuirudisha slaidi imelala ubavuni mwa bunduki. Ndani ya kitako hakuna chochote kinachofanya kazi. Linganisha na bunduki za jamii ya AR-15 zilizokuja baadaye: bomba la springi yao limeingia ndani ya kitako, hivyo ukikunja kitako umeugusa mtambo. Kwa M1, mbao ni kishikizo tu. Ukilegeza ukanda wa mbele, chuma chote kinatoka na kuingia kwenye mbao nyingine bila kubadilishwa.

Kiwanda cha Inland cha kampuni ya General Motors, mjini Dayton, Ohio, ndicho kilichotengeneza toleo hilo, M1A1, lililopitishwa Mei 1942. Mbao za nyuma ziliondolewa. Pakawekwa mshiko kama wa bastola, fremu nyembamba ya chuma yenye bawaba, na kipande cha ngozi cha kuegemeza shavu. Fremu ilikunjwa upande wa kushoto, urefu ukashuka hadi sentimita 65 hivi. Zilitengenezwa takriban 140,000, zikashuka na askari wa miamvuli Sicily mwaka 1943 na Normandy mwaka 1944.

Kasoro yake ilijulikana: bawaba haikuwa na komeo. Springi peke yake ndiyo iliyoshikilia fremu, nayo ilichezacheza begani. Ilivumilika kwa sababu risasi ya karabini ina nguvu kama theluthi tu ya ile ya Garand, bunduki ya kawaida ya askari wa miguu wa Marekani, hivyo teke lake ni jepesi.

Taa ilikuwa shughuli nyingine. Katika visiwa vya Pasifiki, wanajeshi wa Japani walikuwa wakipenyeza usiku hadi kwenye mahandaki ya Wamarekani. Toleo la T3 likatengenezewa mahali pa kufungia darubini. Taa ilikaa chini ya mtutu, ikiwa na kichujio kilichozuia mwanga wote isipokuwa miale ya infraredi. Miale iliyorudi kutoka kwenye shabaha iliingia kwenye mrija ndani ya darubini. Huko ilibandua elektroni, na volti elfu kadhaa zikazirusha kwenye skrini ndogo iliyong'aa kijani.

Volti hizo zilitoka kwenye betri ya asidi ya volti 6 na kibadilishi chake, vyote vikiwa kwenye mkoba mgongoni. Mzigo mzima ulizidi kilo 10, na macho yaliyopatikana kwa gharama hiyo yalifika mita 65 tu. Mvua na ukungu viliyapunguza zaidi, na adui mwenye kifaa kama hicho angeiona taa yenyewe. Hata hivyo, Okinawa mwaka 1945 ilitosha: aliyetambaa gizani aliiona hatari akiwa ameshachelewa. Kufikia vita vya Korea taa ilihamishiwa juu ya darubini, volti zikapandishwa hadi 20,000, na umbali ukapita mita 100. Betri ilibaki mgongoni.

Kwa hiyo ubora wa nyongeza hauonekani kwenye nyongeza yenyewe. Kitako kilifaulu kwa urahisi kwa sababu hakikudai kitu kwa mtambo. Taa ilidai umeme, na umeme wa miaka ya 1940 ulikuwa na uzito wa madini ya risasi na asidi. Fundi anayetaka kuongeza kitu kwenye bunduki ya zamani au ya leo ana maswali mawili ya kujibu kabla ya kushika bisibisi: mtambo umekaa wapi, na nguvu itatoka wapi?