Kukaba au Kubana Kasi? Uhakiki wa Istilahi za Uhamishaji wa Mashine Pepe kwa Kuzingatia Watumiaji wa Kiswahili wa Tarime na Serengeti

Sehemu hii inahakiki istilahi zinazoeleza jambo moja la teknolojia ya kompyuta: kupunguza kwa makusudi kasi ya mashine pepe ili uhamishaji wake kutoka seva moja hadi nyingine ukamilike. Hoja inayojengwa ni kwamba istilahi za Kiingereza katika uwanja huu hubeba lawama dhidi ya mashine inayofanya kazi, na Kiswahili hakilazimiki kuirithi lawama hiyo. Mizani ya uhakiki ni mtumiaji wa Kiswahili wa wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, ambako neno uhamaji lilikuwa na maana iliyokomaa kabla ya kompyuta kufika.

Mashine pepe ni kompyuta iliyoundwa kwa programu ndani ya seva, na seva moja huweza kubeba nyingi. Seva inapohitaji matengenezo, mashine hiyo huhamishiwa seva nyingine huku ikiendelea kuhudumia watumiaji. Kumbukumbu yake hunakiliwa ukurasa kwa ukurasa kupitia mtandao. Kwa kuwa kazi haijasimama, baadhi ya kurasa zilizokwisha kutumwa hubadilika na kulazimu kutumwa upya. Mizunguko hurudiwa hadi salio liwe dogo. Hapo mashine husimamishwa kwa muda mfupi sana, salio hutumwa, na kazi huendelea upande wa pili.

Ugumu hujitokeza pale mabadiliko yanapozidi uwezo wa mtandao. Tuchukulie mashine yenye kumbukumbu ya GB 16 na mtandao unaopitisha GB 1 kwa sekunde. Ikiwa mashine inabadilisha GB 1.2 kwa sekunde, kuhamisha ni sawa na kutia maji kwenye pakacha. Mabadiliko yakishushwa hadi GB 0.6 kwa sekunde, mzunguko wa kwanza utaacha salio la GB 9.6, wa pili GB 5.76, wa tatu takribani GB 3.5, na mwisho utaonekana.

Matini za msingi zinalieleza jambo hili kwa sitiari kali. Christopher Clark na wenzake, katika makala yao ya mwaka 2005 kuhusu mfumo wa Xen, waliziita kazi zinazoandika haraka mno kazi za kihuni, wakapendekeza ziduwazwe: kila moja iruhusiwe kuandika katika kurasa 40 kisha iwekwe kwenye foleni ya kusubiri. VMware, mwaka 2011, nayo ilichagua neno lenye maana ya kuduwaza. QEMU, tangu toleo la 1.6 la mwaka 2013, ina utaratibu wa kubana prosesa ambao kwa mipangilio yake ya kawaida ya sasa huanza na asilimia 20, huongeza 10 kila inapohitajika, na huweza kufika 99. Neno la Kiingereza linalotumika hapo linatokana na koo.

Uhuni, bumbuwazi, koo: picha hizi zinaungana na nyingine, ya uchafu, kwani ukurasa uliobadilika kwa kazi halali huitwa mchafu. Kwa pamoja zinamweka mshtakiwa mmoja kizimbani. Hata hivyo, hesabu iliyotangulia inaonesha kwamba tatizo ni uwiano wa kasi mbili, na mojawapo ni ya mtandao. Mtandao mwembamba hauitwi mhuni. Aidha, utaratibu wa awali wa QEMU hupunguza kasi ya prosesa zote pepe za mashine kwa kiwango kimoja, zinazoandika na zinazosoma tu. Hivyo, lugha ya adhabu inaficha ukweli kwamba asiyehusika naye huadhibiwa.

Yapo mambo matatu ambayo mtunga istilahi wa Kiswahili anapaswa kuyapima. La kwanza ni kitenzi kaba. Katika matumizi ya kila siku kinaambatana na koo na wizi wa barabarani. Kitenzi bana, kwa upande mwingine, kimezoeleka katika kubana matumizi: kujinyima kwa hiari, kwa muda na kwa lengo. Kubana kasi, basi, kunaeleza tendo lenyewe bila kutoa hukumu.

La pili ni mnyambuliko. Katika Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, nyumbu zaidi ya milioni moja huhama kwa kufuata mvua na malisho. Kati ya Julai na Oktoba huvuka Mto Mara katika eneo la Kogatende, na mara nyingi huvuka na kurudi. Uhamaji huo ni wa hiari na ni wa mzunguko. Hauna siku ya kukamilika. Mashine pepe haihami, huhamishwa, na isipofika mwisho kazi imeshindikana. Kwa hiyo istilahi faafu ni uhamishaji, si uhamaji.

La tatu ni kivumishi hai. Uhamishaji hai ni tafsiri ya neno kwa neno, na kinyume chake kingekuwa uhamishaji mfu. Uhamishaji bila kusitisha huduma ni kirai kirefu, lakini kinajieleza.

Huenda ikadaiwa kwamba sitiari hizi zimekwisha kufa, na mtaalamu hafikirii koo anapozitumia. Dai hilo lina nguvu kwa Kiingereza. Katika Kiswahili, tafsiri huzifufua, kwa sababu msomaji anakutana nazo kwa mara ya kwanza.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba neno laini linaweza kuficha gharama. Mtumishi wa zahanati au wa ofisi ya kata, ambaye mfumo anaoutumia uko kwenye seva ya mbali, anapoona skrini inasuasua huambiwa kwamba mtandao unasumbua. Pengine mtandao hauna tatizo, ila mashine imebanwa kwa asilimia 70 ili ihamishwe. Bila istilahi, mtumishi huyo hana swali la kuuliza. Kwa sababu hiyo, kubana kasi kunafaa kutumika pamoja na kutajwa kwa kinachobanwa, kiwango chake na muda wake. Istilahi ikitimiza hayo, mwananchi wa Mugumu au Sirari ataweza kudai maelezo kwa lugha anayoifahamu.