Sadaka ya Kurasa kwa Shangazi Asiye na Jina

Sura ya kwanza ya The Woman Warrior (1976), kitabu cha Maxine Hong Kingston, inaanza kwa katazo: mama anamwonya bintiye asimwambie mtu yeyote habari anayotaka kumpa, kisha anaimwaga yote. Kule China baba alikuwa na dada. Mumewe alikuwa ameondoka miaka mingi kwenda Marekani, naye akashika mimba. Usiku wa kujifungua wanakijiji walivamia nyumba, wakachinja mifugo, wakavunja vyombo. Akajifungulia katika zizi la nguruwe, akajitosa kisimani na kichanga chake. Tangu hapo ukoo unasema baba hakuwahi kuwa na dada.

Simulizi ya mama ni kavu, imekusudiwa kumtisha msichana aliyevunja ungo. Binti, mzaliwa wa California, anapoipokea, fani inabadilika: sasa zinatawala huenda, labda, pengine. Shangazi wa kwanza amelazimishwa na mwanamume ambaye baadaye anaungana na wavamizi. Wa pili ana mpenzi. Anazungusha uzi vidoleni na kung'oa vinyweleo vya paji la uso mpaka panateleza. Masimulizi haya hayapatani, na mwandishi hachagui. Msomaji anayetaka ukweli mmoja ataudhika, lakini nguvu ya sura iko hapo hapo. Aliyefutwa na ukoo hawezi kuombolezwa ila kwa kukisia.

Kwa desturi, Wachina huwachomea wafu wao fedha, nguo na nyumba za karatasi ili wavipate huko waliko. Mfu asiye na wa kumkumbuka hubaki na njaa, akigombania mabaki ya sadaka za wengine. Kingston hachomi kitu. Anampa shangazi kurasa. Sura yenyewe ndiyo tambiko.

Wala haitulizi. Msimulizi anakiri kwamba kunyamaza kwake kwa miaka 20 kulikuwa sehemu ya adhabu, na anahofia kuwa shangazi hamtakii mema, maana roho ya aliyezama hungoja majini imvute mwingine ashike nafasi yake.

Angeweza kumbunia jina, kama alivyombunia mpenzi. Hakufanya hivyo, na alifanya vyema: jina la kubuni lingetupa sisi wasomaji nafuu ambayo marehemu hakuipata. Isome sura hii mara mbili, na mara ya pili zifuate zile huenda moja moja.