Kikulacho ki Nguoni: Tusi na Tashtiti katika Mashairi ya Rochester

Wahakiki wa mashairi ya John Wilmot, Lodi wa Rochester (1647–1680), wamezoea kuyagawa mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la mashairi ya fikra, kama vile lile linalokejeli akili ya binadamu, ambalo husomeshwa vyuoni bila ya haya. Fungu la pili ni la mashairi ya matusi, ambayo ama huombewa radhi ama hufichwa. Makala haya yanashikilia kwamba mgawanyo huo hauna msingi. Katika tungo bora za Rochester, tusi si tope lililoirukia tashtiti kwa bahati mbaya. Ndilo kipimo anachowapimia wakubwa. Mwenye kuliondoa tusi huiondoa na hoja.

Yafaa kwanza ieleweke ni mazingira gani yaliyomlea mtunzi huyu. Charles wa Kwanza alikatwa kichwa mwaka wa 1649, na mwanawe, Charles wa Pili, akarejeshwa kitini mwaka wa 1660. Ufalme uliokuwa umeng'olewa ulihitaji kupambwa upya, na washairi wa sifa hawakukosekana. Rochester, ambaye babake alimsaidia mfalme huyo kutoroka baada ya kushindwa vitani mwaka wa 1651, aliteuliwa mwaka wa 1666 kuwa mmoja wa mabwana wa chumba cha kulala, waliomhudumia mfalme avaapo na alalapo. Wahenga walinena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Hapa methali hiyo yachukua maana yake ya wazi kabisa. Aliyezoea kuuona mwili wa mfalme bila joho hakuweza kuamini kwamba joho ni sehemu ya mwili. Na kwa kuwa sheria ya mwaka wa 1662 ilidai kila chapa ipate idhini, tungo zake zilienea kwa nakala za mkono, miongoni mwa wasomaji waliowajua wahusika kwa sura na kwa majina.

Mfano ulio dhahiri ni tashtiti juu ya Charles wa Pili, ambayo yasemekana Rochester alimkabidhi mfalme mwenyewe kwa makosa mwishoni mwa mwaka wa 1673, akalazimika kulihama kasri. Shairi laanza kana kwamba ni la sifa: huyu ni mfalme mpole, asiyetamani vita kama jirani yake wa Ufaransa, Louis wa Kumi na Nne. Kisha fimbo ya enzi na uume wa mfalme vyawekwa sambamba na kulinganishwa. Msomaji hucheka, lakini ndani ya kicheko hicho mna shtaka la kisiasa, yaani kwamba mambo ya dola yamo mikononi mwa mahawara, si mwa baraza. Neno la adabu lisingalifaa hapa. Kumwita mfalme mpenda anasa ni kumsamehe. Kuutaja mwili wake kwa jina ni kumrudisha katika safu ya binadamu wote.

Mbinu iyo hiyo yaonekana katika shairi la matembezi ya usiku katika bustani ya St James's. Mwaka wa 1661 Edmund Waller alikuwa ameisifu bustani hiyo, iliyotengenezwa upya na mfalme, kuwa ishara ya utawala uliostawi. Rochester aingia mahali pale pale baada ya jua kutua. Chini ya miti ile awakuta mabibi wakubwa na wajakazi, malodi na watumishi, wote wakifuata haja moja. Mishororo yaenda miwili miwili, yenye mizani minane na vina vya mwisho, myepesi kama wimbo. Utaratibu wa fani unakinzana na vurugu ya maudhui, na kinaya chatokana na ukinzani huo. Linalomkasirisha msemaji si ashiki ya Corinna, bali ni kwamba Corinna amewafuata watanashati watatu wapumbavu bila hata ya kuwatamani. Unafiki, si uasherati, ndio dhambi katika ulimwengu wa Rochester.

Hata hivyo, haifai kumfanya Rochester mtetezi wa wanyonge. Laana ndefu anayomwagiwa Corinna yapita kosa lake mbali, na anayelaani ni mshiriki wa karamu ile ile. Wako wahakiki wajibuo kwamba msemaji si mtunzi, na kwamba ghadhabu yake ndiyo inayochekwa. Jibu hilo lina nguvu katika shairi la mapenzi yaliyoshindikana, ambamo mwanamume augeukia uume uliomsaliti na kuufananisha na mgomvi wa mitaani ajifichaye aitwapo kuitumikia nchi. Hapo mjivuni wa kasri ajicheka mwenyewe. Kwa Corinna halitoshi. Mfalme aliyetukanwa alikuwa na uwezo wa kumfukuza mtunzi, na wa kumrejesha. Mwanamke aliyetukanwa hana cha kujibia. Tusi lipandalo juu huwa tashtiti. Lishukalo chini hukaribia kuwa kipigo tu. Tofauti hiyo haiwezi kupimwa ila na msomaji aliyepewa mashairi yote.

Hapa ndipo lawama inapowafikia wahariri. Mkusanyo wa 1680, uliodai kupigwa chapa Antwerp, ulichanganya tungo za Rochester na za wengine. Mwaka huo huo Gilbert Burnet, kasisi, alichapisha habari za toba yake, nazo zikawa kisingizio cha kutoyasoma mashairi yenyewe. Toleo la Jacob Tonson la 1691 lilisafishwa. Na hata mwaka wa 1953 toleo la Vivian de Sola Pinto liliacha baadhi ya tungo. Ilibidi kungoja toleo la David Vieth la 1968 ili msomaji wa kawaida apate maneno kamili.

Mficha uchi hazai. Wahariri waliomvika Rochester nguo walidhani wanailinda heshima ya msomaji. Corinna hawakumfaa kwa lolote. Aliyesitiriwa ni mfalme.