Raha ya Theluji katika Kisa cha Kpomassie

Kitabu cha Tété-Michel Kpomassie, L'Africain du Groenland, kilichotolewa mjini Paris mwaka wa 1981, ni rahisi kusomwa kama kioja: kijana wa Togo kati ya Wainuiti, huku watoto wakimkodolea macho. Usomaji wa namna hii humgeuza Mwafrika kuwa kichekesho kwenye theluji na humnyima kile hasa alichokifuata huko, yaani furaha.

Inafaa kukumbuka furaha hiyo ilivyoanza. Baada ya kukutana na nyoka juu ya mnazi na kuanguka, kijana huyu aliwekewa nadhiri ya kuwa kuhani wa chatu. Katika duka la vitabu mjini Lomé akapata kitabu cha Robert Gessain kuhusu Wainuiti, na humo nchi isiyokuwa na miti wala nyoka. Kwa hiyo theluji inaingia katika usimulizi kama ukosefu tu. Yeye anakimbia msitu. Baridi yenyewe bado haijui.

Safari ilimchukua miaka mingi, na alipofika kusini mwa Greenland mwaka wa 1965 alivunjika moyo. Hakuona sleji wala mbwa wa kuikokota, bali watu waliokwisha kuzoea maisha ya mjini. Hapa pana kasoro ambayo mhakiki hana budi kuitaja. Msimulizi anawapima wenyeji kwa kipimo cha kitabu alichokisoma Lomé, kama vile wasafiri wa Ulaya walivyozoea kuwapima Waafrika, na anawaona wa kusini kuwa si Wainuiti kamili. Kinaya hiki hakielekei kumsumbua.

Kaskazini mambo yanabadilika, na lugha nayo inabadilika. Maelezo ya mandhari yanapungua. Vitenzi vya kazi vinaongezeka. Anajifunza kuongoza mbwa, kuvua samaki kupitia tundu lililotobolewa kwenye barafu, kula nyama mbichi na mafuta ya wanyama wa baharini. Baridi inaendelea kuumiza, na mbwa wenyewe ni wa kuogopwa. Hata hivyo ni katika kurasa hizi ndipo msimulizi anapochangamka, na uchangamfu huo unatokana na ustadi anaoupata polepole, pamoja na kukubaliwa na wenzake wa safari. Msomaji wa Kenya, ambaye theluji kwake ni weupe unaotazamwa kwa mbali kileleni mwa Kirinyaga, hana budi kuacha mazoea hayo ya kutazama. Kwa Kpomassie theluji ni njia: ndiyo inayomwezesha mtu kumfikia jirani, kwani bahari ikiganda sleji hupita.

Neno raha lenyewe, ambalo makala haya yamelitumia katika anwani, lina utata. Katika Kiswahili hukaribiana mno na kupumzika, kustarehe, kuepukana na taabu. Starehe ya aina hiyo imo kitabuni, lakini imo ndani ya nyumba. Mfano bora ni makao ya mzee Robert Mattaaq kule Upernavik, nyumba ya mabamba ya udongo na nyasi ambayo kuta zake zimebandikwa kurasa za magazeti, hata ikawa kama maktaba. Mzee huyu, aliye maskini kuliko majirani zake, ndiye mwenyeji anayechorwa kwa mapenzi makubwa zaidi, na kasoro iliyotajwa hapo juu inafifia mbele yake.

Lakini Kpomassie haamui kubaki. Anaona kuwa ana wajibu wa kurejea Afrika ili asimulie aliyoyaona. Uamuzi huu unazua swali gumu ambalo kitabu hakilitatui. Simulizi imeandikwa kwa Kifaransa na kuchapishwa Ulaya, na tafsiri ya Kiingereza ya James Kirkup ikafuata mwaka wa 1983. Wa kwanza kuipokea kwa maandishi ni watu ambao tayari wanaijua baridi, ilhali wale wa nyumbani, ambao kwa ajili yao aliiacha sleji, wanabaki kuisubiri katika lugha zao.